Nyumba ya Uani Mpanda: Karatasi Kwanza, Msingi Baadaye

Tangu Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, Mpanda haijaacha kupokea wageni: walimu na wauguzi wanaopangiwa kazi, watumishi wa ofisi za mkoa, wanunuzi wa mpunga na mahindi, wachimbaji wadogo wa dhahabu, madereva na mafundi. Wote wanatafuta pa kulala. Ndiyo maana wenye viwanja Makanyagio, Kawajense, Nsemulwa, Ilembo na Kashaulili wameanza kuutazama ua wao kwa jicho jipya. Vyumba viwili vya masta nyuma ya nyumba kubwa vinaweza kumlipia mtoto ada, kumpa bibi mahali pa kukaa karibu na wajukuu, au kumtunza mstaafu.

Ni wazo jema, na mwongozo huu umeandikwa ili likufae. Wenye viwanja wengi huamini kwamba kibali cha nyumba kubwa kinatosha, au kwamba banda la uani ni jambo la ndani ya ukuta wako lisilomhusu mtu mwingine. Mbele ya sheria, chumba kimoja cha uani ni jengo kamili. Kina msingi, kina choo, kinalaza watu, na kwa hiyo kinahitaji kibali chake. Mwenye kulielewa hilo mapema huokoa pesa nyingi kuliko anayepunguziwa bei ya saruji.

Sheria inasema nini

Sheria mbili ndizo zinazokugusa moja kwa moja ukiwa ndani ya eneo la mji. Ya kwanza ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, pamoja na Kanuni za Udhibiti wa Uendelezaji za mwaka 2008 zilizotungwa chini yake. Ya pili ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Kwa pamoja zinakataza mtu kuendeleza ardhi ya mji bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kwako wewe wa Mpanda mjini, mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda.

Neno la kushika hapo ni "kuendeleza". Halihusu nyumba mpya kwenye kiwanja kitupu peke yake. Kuongeza jengo, kupanua lililopo, kugeuza stoo kuwa chumba cha kupangisha, au kugeuza makazi kuwa gesti, yote yanaingia humo. Hilo la gesti liangalie kwa makini: kama hati yako inasema makazi, na wewe unataka kulaza wageni kwa siku, utahitaji kwanza kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Kupangisha chumba kwa mwezi kwa mtu anayeishi humo ni makazi. Kupangisha kwa usiku ni biashara.

Anza na hati, usianze na fundi

Kabla ya kumwita fundi, toa nyaraka zako kabatini uzisome. Manispaa haimpi kibali mtu ambaye haijui ardhi yake. Hali yako inaweza kuwa mojawapo ya hizi.

*Una hati miliki au barua ya toleo.* Wewe uko pazuri. Soma masharti yaliyochapwa humo: matumizi yaliyoruhusiwa, muda wa kuendeleza, na kama kuna sharti lolote kuhusu idadi ya majengo. Angalia pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka huu, kwa sababu risiti yake itadaiwa.

*Una leseni ya makazi au kiwanja kilichorasimishwa.* Mitaa mingi ya Mpanda ilijengwa kwanza, upimaji ukafuata. Kama urasimishaji ulipita kwenu lakini hukumalizia malipo na kuchukua hati, malizia sasa. Ofisi ya Ardhi ya Mkoa iko hapa hapa Mpanda, kwa hiyo safari ya kwenda mkoa mwingine kutafuta saini imekwisha.

*Kiwanja hakijapimwa.* Nenda kwa mtendaji wa mtaa na idara ya ardhi uulize eneo lako limepangiwa nini. Unaweza kukuta ua wako umechorwa barabara au shule kwenye mchoro wa mipangomiji. Ni afadhali ulijue hilo ukiwa na pesa mkononi kuliko ukiwa na kuta zilizofika kwenye lenta.

*Kiwanja ni cha baba, mama au marehemu.* Hapa ndipo familia nyingi huumia. Kijana anajenga vyumba vitatu uani kwa wazazi, kwa mapenzi na bila karatasi. Miaka inapita, mzazi anafariki, na ndugu wanakaa kugawana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu majengo yaliyoshikamana na ardhi kuwa sehemu ya ardhi yenyewe. Maana yake, ulichojenga kwenye kiwanja cha baba kinaingia kwenye mirathi ya baba, hata kama kila tofali ulinunua wewe. Kibali nacho kitatoka kwa jina la mwenye hati. Kwa hiyo andikeni makubaliano: nani amejenga, kwa gharama ya nani, nani atachukua kodi, na itakuwaje mwenye kiwanja asipokuwepo. Yashuhudiwe na ndugu wa pande zote, na ikiwezekana mbele ya wakili. Kama mwenye hati ameshafariki, asiguse mtu ua huo mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba ya uani ni mali ambayo kila siku inaonekana na kila mmoja anaihesabu kuwa yake.

*Uko kijijini.* Ukiwa Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika, na ardhi yako ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ndiyo inayokuongoza. Pa kuanzia ni serikali ya kijiji, na karatasi yako ni hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini miji midogo kama Inyonga na Majimoto inakua, kwa hiyo uliza halmashauri yako kama eneo lenu limeshatangazwa kuwa la upangaji miji. Katumba na Mishamo, zilizoanza miaka ya 1970 kama makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, zina historia yake ya umiliki. Huko usijenge wala kununua kwa maneno ya jirani bila kwenda halmashauri. Na wa Sitalike, hakikisha mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi uko wapi kabla ya kuchimba, kwa kuwa mamlaka ya hifadhi haina mjadala juu ya mpaka wake.

Pima ua wako kabla ya kuchora

Chukua futi kamba na mtu wa kukushikia. Tafuta bikoni zote nne. Kama moja imefukiwa au imeng'olewa, omba mpimaji airudishe. Usipime kwa ukuta, kwa sababu ukuta wa jirani unaweza kuwa umeingia kwako au wako kwake. Funga uzi kutoka bikoni hadi bikoni, kisha andika vipimo kwenye karatasi: urefu wa kiwanja, nyumba kubwa ilipo, umbali wake kutoka kila mpaka, shimo la choo, kisima kama kipo, miti, na njia ya kupita.

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Nyumba kubwa ni mita 10 kwa 12: hiyo ni 120. Unataka kuweka uani vyumba viwili vya masta, jengo la mita 9 kwa 4: hiyo ni 36. Jumla ni mita za mraba 156, sawa na asilimia 26 ya kiwanja. Afisa mipangomiji ataiangalia hesabu hiyo, kwa sababu kila eneo lina kiwango chake cha sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na majengo, kulingana na kama ni ujazo mkubwa, wa kati au mdogo.

Hesabu ya pili ni umbali wa jengo kutoka mipakani. Hapa ndipo michoro mingi ya uani hukwama, kwani mtu hutaka kuegemeza jengo kwenye ukuta wa nyuma ili ua ubaki mpana. Nenda ofisi ya mipangomiji na mchoro wako wa mkono, uulize kiwango cha mtaa wenu kwa mbele, ubavuni na nyuma, ukiandike. Nafasi hiyo ina kazi: upepo unapita, moto hauruki upande wa pili, maji ya paa lako hayamwagikii kwa jirani, na gari la kunyonya maji taka linapata njia.

Angalia pia kilicho nje ya ua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vya maji. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa hiyo wa kando ya barabara za kwenda Sumbawanga, Tabora na Uvinza wajipime upya. Reli na uwanja wa ndege navyo vina maeneo yake. Ukijenga ndani ya hifadhi, kibali hupati, na ukibomolewa fidia hudai.

Ramani inayokubalika

Ramani ya kuchapa kutoka kwenye simu ya rafiki haitoshi. Tafuta mchoraji mwenye sifa, na mwambie akuonyeshee haya:

- Namba ya kiwanja, kitalu, mtaa, na jina la mmiliki kama lilivyo kwenye hati.
- Mchoro wa kiwanja kizima ukiwa na majengo yote mawili, la zamani na jipya, pamoja na umbali wa kila moja kutoka mipakani.
- Mpangilio wa vyumba, msingi, paa, sura za pande zote, na mkato unaoonyesha urefu wa ukuta.
- Ukubwa wa jengo kwa mita za mraba na asilimia ya kiwanja itakayofunikwa.
- Shimo la maji taka na mwelekeo wa maji ya mvua.
- Jina, ujuzi na anwani ya mchoraji.

Kawaida hutakiwa seti tatu za michoro ya usanifu. Ukitaka ghorofa uani, jiandae kuongeza michoro ya uimara ya mhandisi aliyesajiliwa.

Sisitiza madirisha. Kila chumba kiwe na dirisha linalofunguka nje, na kama inawezekana, tundu la hewa upande wa pili. Mpanda huwaka jua Septemba na Oktoba, na bati lisilo na dari hugeuza chumba kuwa mahali pasipolalika. Chumba kisicho na hewa ndimo kifua kikuu kinamopita kutoka mtu hadi mtu. Muuguzi atakayelala humo baada ya zamu ya usiku anastahili upepo kama mwanao anavyostahili.

Safari ya kibali

Siku hizi maombi ya vibali vya ujenzi hupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Utahitaji namba yako ya NIDA, TIN, na nakala za nyaraka zinazosomeka vizuri. Usipoweza mwenyewe, nenda ofisi za Manispaa usaidiwe. Hatua ni hizi:

1. Jaza fomu, ambatanisha michoro, hati au barua ya toleo, na risiti ya kodi ya pango la ardhi. Kama ulinunua kwa mtu, weka na mkataba wa mauziano.
2. Lipia ada ya uchunguzi wa michoro kwa kontrol namba, benki au kwa simu. Usimpe afisa, mwenyekiti wala dalali pesa taslimu. Malipo ya serikali yasiyo na kontrol namba hayapo.
3. Wataalamu wanakagua eneo. Uwepo mwenyewe siku hiyo, na uhakikishe bikoni zinaonekana.
4. Afisa mipangomiji, afisa ardhi, afisa afya na mhandisi wanaipitia michoro, kila mmoja kwa upande wake. Jengo la ghorofa au la wageni huongezewa Zimamoto.
5. Ukipewa marekebisho, rekebisha mchoro uurudishe. Hujakataliwa hapo.
6. Michoro ikipitishwa, unapata kibali na seti ya michoro yenye muhuri.

Toa nakala ya kibali, moja iwe eneo la ujenzi kila siku. Mpe taarifa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti, na waambie majirani wa pande zote tatu kabla ya lori la kwanza la mchanga. Barua ya mtaa inakusaidia kutambulika, lakini haiwezi kuwa kibali cha ujenzi hata ikiwa na mihuri mingapi.

Choo ndicho kitakachoamua

Nyumba moja yenye watu sita ikiongezwa wapangaji wanne, shimo lililotosha miaka kumi linaweza kujaa ndani ya mwaka. Afisa afya analiangalia hili kwa ukali, na ana haki: mkoa wetu umeshaguswa na kipindupindu, na mashimo yanayofurika masika yana mchango wake. Chimba shimo jipya au panua lililopo, na liwe mahali gari la kunyonya linafika kwa bomba. Kama una kisima, kanuni ya kawaida ya afya ni kuweka mita 30 kati yake na shimo. Kwenye viwanja vidogo mara nyingi nafasi hiyo haipatikani. Basi kisima kiache matumizi ya kunywa, uombe maji ya bomba ya MUWASA.

Kujenga kwa msimu wa Katavi

Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili. Peleka maombi Februari au Machi, ili kiangazi kikukute una kibali mkononi. Mei hadi Oktoba ndipo tofali zinachomwa, barabara za mitaani zinapitika, na msingi haujai maji.

Usibane nondo kwenye lenta. Tunakaa kwenye ukanda wa Bonde la Ufa. Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko ambalo ni miongoni mwa makubwa yaliyowahi kupimwa Afrika. Lenta izunguke jengo zima bila kukatika kwenye kona, na kenchi zifungwe humo kwa waya au bolti. Kwa mninga na mbao nyingine, nunua kwa muuzaji mwenye risiti na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Mbao za usiku ni rahisi mpaka wakala wa misitu, TFS, wazifuate kwako.

Mkaguzi wa Manispaa aitwe kwenye hatua kuu: msingi ukiwa wazi kabla ya zege, lenta, na paa. Ukitaka kuhamisha ukuta au kuongeza chumba katikati ya kazi, rudi ofisini kwanza. Kibali ni cha mchoro ule uliopigwa muhuri, hakibebi nyongeza ya fundi.

Baada ya kumaliza

Omba ukaguzi wa mwisho na ruhusa ya kutumia jengo kabla ya kuingiza watu. Kwa umeme, tumia mkandarasi wa nyaya mwenye leseni, kisha omba TANESCO kupitia mfumo wake wa NIKONEKT. Mita ya pekee kwa jengo la uani huondoa ugomvi wa LUKU kati yako na mpangaji. Kumbuka kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Jengo moja lenye mita mbili likikatwa mara mbili, peleka lalamiko mapema. Na mpangaji akiwa kampuni au taasisi, sheria humtaka azuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA; mdai cheti cha makato hayo.

Andika mkataba na kila mpangaji, hata wa chumba kimoja: kiasi, muda, nani analipa maji, notisi ya kuhama. Mwandikishe kwenye daftari la mtaa.

Ukikuta alama ya X

Kama umeshajenga bila kibali na ukuta umepigwa rangi nyekundu, simamisha kazi siku hiyo hiyo. Kuendelea baada ya zuio ndiko kunakogeuza kosa linaloweza kurekebishwa kuwa bomoabomoa kwa gharama yako. Chukua notisi, hati na mchoraji wako, nenda idara ya mipangomiji uulize kipi kinaweza kurasimishwa na kipi lazima kivunjwe. Jengo lililo ndani ya mipaka na lenye choo kizuri lina nafasi ya kuombewa kibali na kulipiwa faini. Lililo kwenye barabara halina.

Mgogoro na jirani uanzie mtaani, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi. Ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo Mpanda.

Wiki hii fanya mambo matatu tu: soma hati yako hadi ukurasa wa mwisho, pima ua wako kwa bikoni, na upeleke mchoro wa mkono ofisi ya mipangomiji uulize viwango vya mtaa wako. Kazi hizo hazikugharimu mfuko mmoja wa saruji, na jibu utakalorudi nalo ndilo litakaloamua kama fundi aitwe au asubiri.